Globu Kali za Taa za Gari: Mambo ya Kufahamiwa Kabla ya Kubadilisha

Wenye vyombo vya moto wengi, Unguja na Pemba, hulalamika kwamba taa kubwa za gari zao hazimulikii njia ipasavyo wakati wa usiku. Malalamiko hayo si ya bure. Dereva akishatoka Mjini na kuingia barabara za shamba, taa za barabarani huwa ni chache au hazipo kabisa, na njia hiyo hiyo moja hutumiwa na gari za abiria, baiskeli, gari za ng'ombe, watoto watokao madrasa na wazee warudio nyumbani baada ya sala ya Isha. Wengi wao huvaa nguo za rangi nzito na hawana kitu chochote chenye kurudisha mwanga. Mwaka 2008 umeme ulipokosekana Unguja kwa takribani mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 kwa takribani miezi mitatu, hata barabara za Mjini zilikuwa kama za shamba, na mwanga pekee uliokuwapo njiani ni ule wa gari zenyewe.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kununua globu kali. Ziko za wati 100, ziko zenye rangi ya buluu, ziko za zenoni, na siku hizi ziko za LED zenye feni nyuma yake. Fundi huzitia kwa dakika chache tu, na dereva akiziwasha mbele ya ukuta wa nyumba yake huridhika kwamba amepata alichokitaka. Lakini ukuta si barabara. Nyingi kati ya globu hizo huongeza mwanga mahali pasipotakiwa na kuupunguza mahali panapotakiwa. Anayeathirika kwanza ni dereva ajaye upande wa pili, na pamoja naye ni mpita njia aliye baina ya gari mbili, ambaye kwa wakati huo hapana dereva hata mmoja anayemwona.

KAZI YA TAA NA UMBO LAKE

Gari nyingi zilizomo Visiwani, hasa gari za abiria na gari za kazi za miaka ya nyuma, hutumia globu ya halojeni ya aina ya H4. Globu ya kwanza ya halojeni kwa ajili ya gari ilitumika Ulaya mwaka 1962, nayo ilikuwa na uzi mmoja tu. H4, yenye nyuzi mbili, ilifuatia mwaka 1971. Uzi wa wati 60 hutoa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita "ful", na uzi wa wati 55 hutoa mwanga wa karibu, yaani "dim". Kanuni za kimataifa zimeweka kiwango cha mwanga huo: unapopimwa kwa volti 13.2, ful hutoa lumeni 1,650 na dim lumeni 1,000, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 15.

Chini ya uzi wa dim kuna kikombe kidogo cha chuma. Wengi hawakijali, ingawa ndicho chenye siri yote ya taa hiyo. Mwanga unaopiga nusu ya chini ya bakuli la taa hurudi ukielekea juu, kwenye macho ya watu. Kikombe huuzuia mwanga huo usifike huko, ili nusu ya juu peke yake ifanye kazi na mwanga wote uteremke barabarani. Ndiyo maana taa ya H4 iliyo sawa, ikimulikwa ukutani, huonesha mstari ulio wazi: chini yake kuna mwanga na juu yake giza. Uzi na kikombe vimewekwa mahali pake kwa kipimo kisichofika hata milimita moja ya makosa. Kitu chochote kinachotiwa katika bakuli hilo bila ya kuwa na umbo hilo hilo hutawanya mwanga ovyo, hata kikiwa na nguvu kiasi gani.

Mstari huo haukunyooka moja kwa moja. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Tanzania, mstari hupanda kidogo kuelekea kushoto, ili dereva aone kingo za njia, wapita njia na alama, huku upande wa kulia, wanakotoka wenzake, ukibaki chini. Gari zitokazo Japani na Uingereza zimetengenezwa hivyo. Gari zilizokusudiwa kwa nchi za Ghuba, kama Oman na Falme za Kiarabu, huendeshwa kulia, na mstari wake hupanda kulia. Gari ya namna hiyo ikitembea Zanzibar na taa zake za asili humulika moja kwa moja machoni mwa kila anayepishana naye, ingawa dereva amewasha dim na anaamini kwamba ametimiza adabu zote za barabarani. Ghadhabu nyingi za kupigiana taa usiku huanzia hapo.

Tofauti hii hutambulikana kwa kuimulika taa ukutani tu. Ikionekana kwamba mstari unapanda upande wa kulia, globu mpya haitaiponya, na kukaza au kulegeza skrubu za kurekebishia hakutasaidia pia. Baadhi ya taa huwa na kitenzo kidogo ndani cha kugeuzia upande. Zisizokuwa nacho hubadilishwa taa nzima. Mwenye gari ya namna hiyo akitia globu kali zaidi huzidisha madhara tu.

Madhara hayo yanahesabika. Jicho lililopigwa na mwanga mkali huhitaji sekunde kadhaa kurudi katika hali yake, na kwa mtu mwenye umri mkubwa muda huo huwa mrefu zaidi. Mwenye mtoto wa jicho huathirika kuliko wote. Gari iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Sekunde tatu ni mita 50 za barabara ambazo dereva amezipita pasi na kuona.

GLOBU ZA WATI 100

Globu hizi, za wati 100 kwa ful na 90 kwa dim, zilitengenezwa kwa ajili ya gari za mashindano na kazi za nje ya barabara. Umbo lake ni la H4, kwa hivyo huingia bila ya taabu, na hilo ndilo linalowaghuri watu.

Globu ya wati 60 katika umeme wa volti 12 huvuta ampea 5, na mbili huvuta ampea 10. Globu mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17. Joto linalozaliwa ndani ya waya halizidi kwa kadiri ya ampea, bali kwa mraba wake, kwa hivyo waya ule ule uliokuwa ukipata joto la kawaida sasa hupata karibu mara tatu. Soketi ya globu huanza kugeuka rangi kuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha huyeyuka. Swichi ya taa nayo hupata moto, kwani katika gari nyingi za zamani umeme wote wa taa hupita humo. Bakuli la taa likiwa la plastiki, rangi yake ya fedha hufifia au kubanduka, na hapo taa imekwisha.

Fyuzi ikikatika, wapo wanaotia kubwa zaidi, na wapo wanaofunga kipande cha waya. Fyuzi iliwekwa ili ikatike yenyewe badala ya waya kuungua. Ikiondolewa kazini, kinachobaki kuungua ni waya wenyewe, nao hupita nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya dereva.

ZENONI, LED NA GLOBU ZA BULUU

Taa ya zenoni haina uzi. Umeme wa zaidi ya volti 20,000 huruka ndani ya kichupa chenye gesi na kuwasha cheche inayoendelea kuwaka. Globu ya wati 35 ya namna hiyo hutoa lumeni zipatazo 3,200, yaani zaidi ya mara tatu ya dim ya H4. Gari zilizotoka kiwandani na zenoni zina bakuli lililopigiwa hesabu kwa ajili ya cheche hiyo, na kanuni za Ulaya zimeshurutisha pia ziwe na chombo cha kujirekebisha zenyewe gari inapobeba mzigo na cha kuoshea vioo vya taa, kwa sababu uchafu hutawanya mwanga. Anayenunua kifurushi cha zenoni na kukitia ndani ya taa ya halojeni huchukua nguvu hiyo yote bila ya hata kimoja katika vidhibiti hivyo.

Kwa upande wa LED, pana mambo mawili yanayochanganywa. Gari iliyotengenezwa na taa za LED tangu kiwandani haina tatizo. Taa yake yote iliundwa kwa ajili hiyo. Globu ya LED inayouzwa ili itiwe mahali pa H4 ni jambo jingine. Vidoto vyake vya mwanga vimepangwa juu ya kipande bapa, vikitazama pande mbili, ilhali uzi wa halojeni humulika pande zote kuuzunguka. Baadhi ya watengenezaji wamejitahidi kuuiga uzi kwa karibu, na mwaka 2020 Ujerumani ilianza kuruhusu globu fulani za LED barabarani, lakini kwa aina za gari zilizoorodheshwa tu, baada ya taa za kila aina kupimwa pamoja na globu hiyo. Ruhusa ya namna hiyo haihusu globu yoyote iliyomo dukani. Aidha, nyingi zina feni na mapezi ya chuma nyuma yake, hivyo kifuniko cha mpira cha taa hakifungi. Katika hewa ya bahari, taa isiyofungika huingia unyevu na chumvi, na baada ya masika moja bakuli huanza kuota madoa.

Globu za buluu hazihitaji maneno mengi. Rangi ile ni pazia juu ya kioo. Kazi ya pazia ni kuzuia sehemu ya mwanga. Dereva huona weupe na kudhani ni ukali.

KINACHOFAA KUFANYWA KWANZA

Mara nyingi globu iliyomo haina kosa, ila haipati umeme wake. Kipimo ni rahisi kwa fundi yeyote mwenye mita. Injini ikiwa inafanya kazi na taa zimewashwa, hupimwa volti kwenye betri, kisha kwenye soketi ya globu ikiwa bado inawaka. Tuseme betri inaonesha volti 14 na soketi inaonesha 12.5. Volti moja na nusu imepotea njiani, na watu wengi wataliona hilo kuwa ni jambo dogo. Lakini mwanga wa uzi hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti: upungufu huo mdogo huondoa karibu theluthi moja ya mwanga wote. Mwenye gari hiyo akirekebisha waya zake tu, atapata ongezeko ambalo globu nyingi za bei ghali haziwezi kulitoa.

Katika visiwa hivi mahali pa kuanzia ni waya wa ethi. Chumvi ya hewani hula pale waya unapofungwa kwenye bodi, kutu hujijenga chini ya skrubu, na umeme hukosa njia ya kurudi. Sehemu hiyo husuguliwa kwa msasa mpaka chuma king'are, hufungwa upya na kupakwa grisi. Viungo vya soketi husafishwa vile vile. Hata taa moja kuwa hafifu kuliko nyenzake, au taa kufifia kila kiashirio cha kugeukia kinapowaka, ni dalili ya ethi mbovu zaidi kuliko ya globu mbovu.

Ikiwa waya ni za zamani au ni nyembamba, suluhisho ni rilei. Waya mnene, wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, hutolewa kwenye betri, hupitishwa katika fyuzi iliyo karibu na betri hiyo, huingia katika rilei na kwenda moja kwa moja kwenye taa. Waya wa asili unaotoka kwenye swichi hubakiwa na kazi ya kuiamuru rilei tu. Rilei moja huwekwa kwa ful na nyengine kwa dim. Swichi hupumua, na globu hupata karibu umeme wote wa betri. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kubadilisha swichi iliyoungua.

Kisha huangaliwa kioo. Taa za zamani zina kioo hasa, nazo hutaka kuoshwa tu. Taa za plastiki hugeuka manjano na kuwa na ukungu kwa sababu ya jua. Kusugua kwa dawa ya meno, kama ilivyozoeleka, husaidia kwa wiki chache. Kazi ya kudumu zaidi ni msasa wa maji, kuanzia namba 800 kwenda 1,500 hadi 2,000, kisha kung'arisha na kupaka vanishi inayozuia jua; isipopakwa, manjano hurudi upesi kuliko mwanzo. Ama bakuli la ndani likiwa limebanduka, halisuguliwi wala halifutwi. Hubadilishwa.

Mwisho ni kulenga. Gari husimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wake wa kawaida na mtu amekaa kwenye kiti cha dereva. Kimo cha kati ya taa hupimwa kutoka chini na kutiwa alama ukutani. Mstari wa dim unatakiwa uwe chini ya alama hiyo kwa kiasi cha sentimita 10. Gari za abiria na gari za mizigo zilengwe zikiwa na mzigo wa kadiri ya ule zinaouchukua kila siku, kwa sababu nyuma ikishuka mbele hupanda, na taa iliyolengwa vyema gari ikiwa tupu humulika matawi ya miembe ikiwa imejaa abiria.

PINDI GLOBU MPYA IKIHITAJIKA

Globu za halojeni zilizoboreshwa, zenye wati zile zile 60/55, zinakubalika kwa mwenye kuzitaka. Uzi wake huwaka kwa joto kubwa zaidi na umekazwa zaidi, kwa hivyo mwanga hukusanyika vizuri. Asilimia kubwa kubwa zilizoandikwa juu ya boksi zisichukuliwe kwa maana ya wazi: kipimo huchukuliwa kwenye sehemu fulani ya barabara, tena kwa kulinganishwa na kiwango cha chini kinachoruhusiwa na kanuni. Mwanga wote wa globu haukuvuka mpaka ule ule wa lumeni. Bei ya ziada hulipwa mara mbili, kwani globu hizi hufa mapema. Uhai wa uzi ni mwepesi mno kuathirika: umeme ukizidi kwa asilimia 5 tu, uhai wa globu yoyote hupungua kwa karibu nusu. Gari ambayo kila mara huunguza globu ipimwe alteneta yake kabla ya kununuliwa nyengine.

Maofisa usafirishaji na watunza bohari wa Wizara na Mashirika huweza kuepusha hasara nyingi kwa namna wanavyoandika maombi ya ununuzi. Maneno "globu za taa kubwa" hayatoshi, kwani muuzaji ataleta alichonacho. Iandikwe "H4, volti 12, wati 60/55", au aina nyengine iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kwa malori na mabasi yenye umeme wa volti 24, H4 yake ni ya wati 75/70. Wakati wa kupokea, itazamwe alama ya herufi E ndani ya duara iliyochapwa kwenye globu yenyewe, ikifuatwa na namba ya nchi iliyoithibitisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Globu ya wati 100 inayodai kuwa na alama hiyo kama H4 ya barabarani ni ya kutiliwa shaka pale pale.

Madereva nao wafahamu kwamba hata taa iliyo sawa kabisa ina mpaka. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unahesabu kuwa gari iendayo kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 53 ili isimame penye njia kavu. Dim ya globu halali, kwa gari iliyotunzwa, mara nyingi haimwoneshi mtu aliyevaa buibui au kanzu ya rangi nzito kwa umbali huo. Penye giza ful itumike, na ipunguzwe mapema anapotokea mtu mbele, awe na gari, vespa au baiskeli. Anayepigwa na mwanga atazame ukingo wa kushoto wa njia na apunguze mwendo. Kumjibu mwenzake kwa ful huongeza mtu wa pili asiyeona.

Globu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kwa sababu zilizowaka muda sawa hufa kwa karibu wakati mmoja. Kioo chake hakishikwi kwa vidole: mafuta ya mkono huunguzwa na joto, hufanya doa, na globu hupasuka kabla ya wakati wake. Kikishashikwa, kifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti. Masikio matatu ya H4 yakae katika nafasi zake bila ya kulazimishwa, kwani globu iliyokaa upande hupoteza ule mstari. Ile ya zamani ambayo bado inawaka ifungwe katika karatasi na kuwekwa garini kwa ajili ya dharura ya njiani.